Mkono Juu ya Kipanya

Sogeeni. Nyie wa mlangoni, sogeeni huku, mmeacha nafasi katikati yetu kama vile kuna mgeni mnamngoja, na leo hatutaki mgeni. Anayetafuna ameze. Mwenye kikohozi akohoe sasa akimalize. Na simu zenu zilazeni kifudifudi, kioo kitazame mkeka. Wewe mdogo njoo kwenye paja langu, lakini usinisinzie. Nataka kimya kile cha mama anayesikiliza kama mtoto amelala kweli au anajifanya. Haya. Hicho hicho. Kishikeni.

Kitu cha kwanza kilikuwa harufu ya siki.

Shangazi ndiye aliyeinusa. Alitoka jikoni asubuhi na mwiko mkononi, akanusa sufuria, akanusa ndoo, akanusa pazia, na kaka yake alipopita akamnusa na yeye.

"Kaka, umejimwagia nini?"

"Mimi? Sijajimwagia kitu."

"Basi nyumba imechacha."

Kaka mtu alisimama palepale na kikombe chake cha chai, asinywe. Alikuwa fundi picha, na duka lake lilikuwa chumba cha mbele cha nyumba hiyo hiyo, pazia moja tu likitenganisha wateja na makochi. Harufu ile aliijua. Ujana wake wote aliupitisha ndani yake, kwenye chumba cha giza chenye taa nyekundu, akiogesha karatasi kwenye sahani za dawa hadi nyuso za watu zitokee. Lakini chumba kile cha giza kilishavunjwa zamani, kikawa stoo ya mkaa. Dawa za mwisho alizimwaga kwa mkono wake mwenyewe.

"Ni mabomba," akasema, akanywa chai yake.

Sasa mumjue mtu huyu, maana bila kumjua hamtaelewa alichokifanya. Alikuwa mpole, hana ugomvi na mtu, ila alikuwa na sharti moja la kazi: uso ukishaanza kutokea kwenye dawa, hauachwi. Uite chakula, uite mgeni, uite moto, yeye hatoki chumbani mpaka uso uwe mzima. Marehemu mkewe alikuwa akimwambia kupitia mlango, "Mume wangu, wewe umeoa sahani zako za dawa, mimi umenipangisha tu." Na hata kompyuta zilipokuja, sharti halikumtoka. Picha ya mtu haikatwi kipaji. Haikatwi sikio. Uso ni mzima ama si uso.

Na alikuwa na kabati. Humo ziliwekwa picha zisizochukuliwa. Mtu anakuja, anakaa kwenye kiti, anachekeshwa, anapigwa, anasema nitapita kesho, hapiti. Wengine walihama. Wengine walikufa kabla picha haijakauka. Fundi hakutupa hata moja. Alizihamishia zote kwenye kompyuta, uso kwa uso, akaziweka mahali pamoja, napo akapaita kabati.

Katika nyumba ile waliishi watatu: yeye, dada yake mjane ambaye wote tutamwita Shangazi, na binti yake wa mwisho, ambaye kwa kuwa ndiye aliyefunga tumbo la mamake, walimwita Kitinda. Kitinda ndiye aliyekaa kaunta. Alikuwa na alama nyeusi kidevuni kama punje ya mtama, na shavu la kushoto lilikuwa na kishimo, kile cha kuonekana mtu akicheka tu. Kishimo kile alikirithi kwa mamake. Fundi alipomchekesha bintiye alikuwa anamchekesha kwa sababu hiyo, amwone mkewe kidogo. Na binti alikuwa ameshachumbiwa na fundi baiskeli wa mtaa wa pili, kijana mwenye mikono ya grisi na maneno ya sukari.

Kaka yake Kitinda, mkubwa, alifanya kazi za kompyuta mbali huko. Alipokuja likizo aliwaletea mashine mpya, na ndani yake akaweka kitu cha kuchora.

"Kompyuta ikikaa bila kuguswa, kioo kinaanza kujichorea chenyewe," akamwambia babake. "Mistari, maua, mawimbi. Wateja wakipita watasimama watazame. Na mchoro haujirudii hata siku moja, kompyuta inajitungia."

"Inajitungia kama wewe ulivyokuwa ukijitungia tumbo siku za mtihani," akasema Shangazi.

"Shangazi, yale yalikuwa maumivu ya kweli."

"Yaliyopona kengele ya mapumziko ikigonga."

Kijana akacheka, akamwonyesha babake mipangilio. Hapa ni kasi, mistari iende pole au iende mbio. Hapa ni rangi. Hapa ni muda, kompyuta isubiri kiasi gani bila kuguswa ndipo ianze. Na ukitaka kuikatiza, unagusa kipanya tu, mchoro unatoweka. Hapa ni kufifia, mstari wa zamani ufe mwingine unapozaliwa, ama ubaki. Na hapa chini inaomba picha ya kuanzia. Ukiipa, inaokota mistari ndani yake. Usipoipa, inaanza na chochote.

Kijana akaenda zake. Fundi akabaki na lile dirisha dogo la mwisho, lile linaloomba. Akalitazama. Akawaza habari za kabati lake, nyuso zote zile zimekaa gizani, hakuna anayekuja kuziulizia. Kwa huruma, jamani, kwa huruma tupu, akalifungua kabati zima akalimimina humo.

Kesho yake ndipo siki iliponuka.

Mwanzoni mchoro ulikuwa mzuri, wateja walisifu. Mistari myembamba ilitoka pembeni ikizunguka kama uzi unaotafuta sindano. Kitu kimoja tu: mtu akiingia dukani, mistari inasimama. Akishaketi, inaendelea. Kitinda alikiona hicho akasema labda ni mtetemo wa mlango. Halafu mchana mmoja duka likiwa tupu akaita, "Baba, njoo uone! Inachora nyusi."

Kweli. Upinde mmoja, halafu wa pili, halafu ukingo wa pua. Fundi akavuta kiti. Uso ulikuwa unatokea, polepole, vilevile kama kwenye dawa, na furaha ya zamani ikamrudia. Lakini kabla mdomo haujafika, nyusi zikaanza kufifia. Zikafa. Mistari ikaanza upya pengine, jicho, ukingo wa pua, ikafa tena.

Alikula chakula cha mchana bila kujua anakula nini. Alirudi. Nusu uso, unakufa. Nusu uso, unakufa.

"Haiwezekani," akasema. "Uso hauachwi nusu."

Akagusa kipanya, akafungua mipangilio, akatafuta pale pa kufifia, akaweka: isififie. Kisha akainua mkono wake.

"Acha imalize," akasema kwa sauti, mbele ya kioo, akaenda kunawa.

Jioni yake Shangazi alikuwa anamsuka Kitinda kibarazani. Alimgeuza kichwa huku, akamgeuza kule, akamshika kidevu.

"We mtoto, punje yako iko wapi?"

"Punje gani?"

"Ya kidevuni. Umejisugua na nini?"

Kitinda akapapasa. Ngozi laini, kama haijawahi kuwa na kitu. Wakacheka, wakasema sabuni za siku hizi. Lakini Shangazi alipoingia ndani kuchukua kitana alipita dukani, na kwenye kioo, chini ya nusu ya mdomo, aliona nukta moja nyeusi. Alirudi kibarazani. Alidhani ameshika kitana, kumbe amechukua kijiko.

Siku iliyofuata fundi baiskeli alikuja na kiti kipya cha baiskeli kilichofungwa karatasi, akapiga magoti mbele ya kaunta, akasema, "Mama watoto, hiki ndicho utakachokalia siku nikikuhamisha." Kitinda akacheka sana. Kijana akacheka naye, halafu kicheko chake kikamfia mdomoni.

"Cheka tena," akasema.

"Nini?"

"Cheka tena, mpenzi. Cheka tu."

Alicheka, kidogo, kwa wasiwasi. Shavu lilibaki bapa. Na nyuma ya bega lake, kwenye kioo, mistari ilikuwa ikijikunja shavuni, ikichimba, ikichimba, kwa sauti ndogo ya kalamu juu ya karatasi, na hapakuwa na kalamu wala karatasi.

Kijana aliruka kaunta akang'oa waya ukutani.

Kitinda akaanguka. Si kuanguka kwa mtu aliyezimia, la, alianguka kama nguo inavyoanguka kutoka msumarini, macho wazi, kifua kimetulia, midomo imekuwa majivu. Shangazi akapiga ukelele. Fundi akatoka mbio, akaangalia binti, akaangalia kioo cheusi, na hakuuliza mtu. Alirudisha waya. Kompyuta ikanguruma, kioo kikawaka, na binti akavuta pumzi ndefu kama aliyetolewa kisimani.

"Mlizima taa," akanong'ona. "Kwa nini mlizima taa? Nilikuwa siwaoni."

Wakampigia simu kaka mkubwa. Akasema programu ile ifutwe, rahisi, akamwelekeza babake kwa simu. Fundi akafika penye kufuta, akabonyeza, na kioo kikauliza kama ana hakika. Nyuma yake Kitinda, ameketi kwenye kochi, akasema taratibu, "Baba, sioni mkono wangu." Akaacha. Akaupeleka mshale kwenye hapana, na binti akaona tena.

"Baba? Umefuta?" sauti ya kijana ikiita kwenye simu. "Baba, halo?"

"Mwanangu," akasema fundi, "ulituletea nini hapa?"

"Michoro tu, baba. Wallahi ni michoro tu."

Basi ikabaki njia moja. Kitu kile kinachora pale tu kompyuta inapopumzika. Kikiguswa kipanya, mchoro unakwenda, na kinachoondoka kwa Kitinda kinasimama hapo kilipofika. Huwezi kuzima. Huwezi kufuta. Unaweza kugusa tu, na kugusa tena. Fundi akaweka muda wa kusubiri uwe mrefu kuliko wote, kasi iwe ya chini kuliko zote, akarudi penye kufifia akaweka ififie, akaondoa picha zote za kabati. Alipotoka akarudi kuangalia, akakuta kila kitu kama kilivyokuwa, kabati zima limo, isififie imewekwa, kama mtu aliyekuja nyuma yake akipanga tena vyombo.

Wakaanza zamu. Mmoja anakaa kwenye kiti, mkono juu ya kipanya, anakitikisa. Anakula kwa mkono mwingine. Akienda msalani anapokelewa. Umeme ukiyumba wanamkumbatia Kitinda mpaka betri ya akiba ya kompyuta ichukue. Mwanzoni kilikuwa kinasubiri muda wa chai kuchemka, mtu anaweza kusimama akajinyoosha. Baadaye kikawa kinasubiri muda wa kumenya kitunguu. Hakuna aliyeupunguza muda ule. Ulijipunguza.

Fundi baiskeli akaleta gurudumu na kamba. Alikaa mchana kutwa akiliunga na mota ndogo, akafunga kipanya, gurudumu likizunguka kipanya kinakwenda na kurudi, kwenda na kurudi. Walishangilia! Shangazi alimbusu yule kijana shavuni na grisi yake. Wakakaa wote mezani kwa mara ya kwanza tangu mambo yaanze, wakala, na fundi akasema labda, labda. Kitinda mwenyewe ndiye aliyegeuka kutazama. Gurudumu linazunguka. Kipanya kinakwenda na kurudi. Na mshale kwenye kioo umesimama tuli, kama jicho la mtu asiyetaka kudanganywa, halafu ukatoweka, na mstari wa kwanza ukatoka.

Ilitaka mkono wa mtu. Ule wenye damu.

Halafu ikawa zamu ya Shangazi, na maziwa yalikuwa jikoni. Aliyasikia yakipanda. Alisema moyoni, nasogeza tu sufuria, ni hatua ngapi hapo, na akaenda, akasogeza, akarudi mbio na kitambaa mkononi. Alikuwa hajapitisha muda wa kitunguu. Lakini muda ulishashuka tena bila kumwambia mtu, ukawa kama chafya. Na kutoka kwenye spika ndogo pembeni ya kompyuta, Shangazi akasikia kicheko cha Kitinda, kile chenyewe, chenye kukwama kidogo mwishoni. Kitinda alikuwa amesimama nyuma yake, mdomo wazi, mabega yanatikisika kama anayecheka, na hapakuwa na sauti yoyote inayotoka kwake.

Maneno yalimbakia. Kicheko kilikwenda. Tangu siku hiyo Shangazi hakupika maziwa.

Wakamleta mganga. Mtu mfupi, shati limepigwa pasi, alivua viatu mlangoni akavipanga pamoja. Hakuwa mtu wa makelele. Alifukiza ubani, akaomba dua zake, akauliza, "Kiti hiki nani alikaa wa kwanza?"

"Mimi," akasema fundi.

"Kaa hapo. Binti, inua mkono kwenye kipanya."

Kitinda akainua. Mara ile ile mistari ikatoka, si polepole tena, ilitoka kama iliyokuwa imejibanza nyuma ya mlango. Siki ikajaa chumba mpaka macho yakawachoma. Mganga akainama karibu na kioo, akasema kwa sauti ya chini, kama anayeongea na mtu kitandani:

"Wewe uliyemo, umeingiaje?"

Spika ikacheka kicheko cha Kitinda. Halafu kicheko kikajipanga kikawa maneno.

"Sikuingia. Nilikaribishwa."

"Na nani?"

"Mwenye nyumba. Nilikuwa mpita njia tu, sina uso. Akafungua kabati akasema, chukua. Nikaokota jicho hapa, pua pale. Lakini zile zote ni za watu wasiorudi, hazishikani, kila nikizipanga zinaanguka. Nilitaka kwenda zangu. Yeye akasema nisififie. Yeye akasema, acha imalize." Kicheko kidogo, na kule kukwama mwishoni. "Namaliza. Nimepata kitu kibichi cha kuzishikiza."

Mganga aliushika mkono wa Kitinda akaurudisha mwenyewe juu ya kipanya. Akauzima ubani. Kisha akaanza kufunga vitu vyake kwenye mfuko, kimoja kimoja.

"Mganga," akasema Shangazi, "mbona unafunga?"

"Mama, mimi nawatoa wanaovamia. Huyu hakuvamia. Aliwekewa kiti, akaambiwa kaa mpaka umalize. Neno la mwenye nyumba siwezi kulivunja mimi mpita mlangoni."

"Basi atalivunja nani?"

Mganga akamtazama fundi, na kumtazama huko ndiko kulikokuwa jibu. Pale mlangoni alipovaa viatu, alivivaa kushoto kwa kulia, akaenda hivyo hivyo.

Siku ile fundi alishika zamu yake. Kesho yake, jua la saa za mchana likiwa limejaa dukani, alioga, akavaa shati lake la kupigia picha za harusi, akampa Shangazi kipanya ashike, akaenda kukaa kwenye kile kiti cha wateja mbele ya pazia la bluu.

"Kitinda, mwanangu. Nipige."

"Baba, unataka kufanya nini?"

"Nipige kwanza."

Kitinda akashika kamera. Alikuwa binti wa fundi, na maneno ya kazi yakamtoka yenyewe. "Kaa sawa, baba. Kidevu juu kidogo. Usinikunjie uso." Akasita. "Cheka kidogo, baba."

"Nitacheka ukicheka wewe," akasema fundi, kisha akakumbuka, akafumba macho. Picha ilitoka hivyo ya kwanza. Ya pili ilitoka nzuri.

Fundi akahamia kiti cha kipanya, akaiingiza kwenye kompyuta. Akafungua mipangilio, akafika pale panapoomba picha ya kuanzia, akaiweka yake peke yake. Kasi akaipandisha hadi mwisho. Shangazi akamshika bega, "Kaka, usifanye hivi, kaka, tukae tu hivi tulivyo, tutashika zamu, tutashika mpaka," na yeye akampapasa ule mkono wa begani kama anayemtuliza kuku, akasema mbele ya kioo, kwa adabu, kama anayemwomba mgeni wa heshima:

"Nimekuja mwenyewe. Ni mzima, sikukatwa mahali. Chukua huu, uniachie wa binti."

Akainua mkono.

Na ilichora, jamani, ilichora kama haijawahi kuchora, mistari ikitoka pande zote za kioo ikikimbiliana, nywele za mvi moja moja, mikunjo ya paji la uso iliyokuja na miaka ya taa nyekundu, kovu la sikio la kisu cha kinyozi, na kwenye kiti kila kilichochorwa kilimtoka, mvi ikawa nywele tu, mkunjo ukawa ngozi tu, Shangazi akiliita jina lake la utotoni ambalo hata Kitinda hakuwahi kulisikia, Kitinda akijaribu kuufikia mkono wa babake aurudishe juu ya kipanya na babake akiuficha nyuma ya mgongo kama mtoto aliyeiba sukari, akisema, "Acha imalize, acha imalize, mwanangu, acha," mpaka sauti nayo ikahama katikati ya neno, mwanzo wake ukatoka kwake na mwisho wake ukatoka kwenye spika, na baada ya hapo pale kitini alikuwepo mtu mwenye macho, pua na mdomo, hakukosa kitu ambacho ungeweza kukinyooshea kidole, na hapakuwa na mtu.

Kalamu ikanyamaza. Siki ikaondoka kama mlango uliofungwa.

Kwenye kioo fundi picha alikuwa mzima, kuliko hata kwenye picha. Kitinda alijishika kidevu. Laini. Akajishika shavu, akajilazimisha kutabasamu, akipapasa kwa kidole pale palipokuwa na kishimo cha mamake.

Bapa.

Akainua macho, na kwenye kioo babake naye akatabasamu, polepole, na shavu lake la kushoto, ambalo maisha yake yote lilikuwa bapa, likaingia ndani kwa kishimo.

Ilikubali alichopewa. Haikurudisha ilichokuwa nacho.

Kitinda alipogusa kipanya uso ule ulitoweka. Akasubiri, mkono hewani. Muda ulikuwa umerudi mrefu, muda wa chai kuchemka. Shangazi akasema basi, imeshiba, kaka ametununulia pumzi. Na walikaa na pumzi hiyo siku kadhaa, wakamzika fundi, wakapokea watu. Halafu asubuhi moja Kitinda akiwa jikoni anamenya kitunguu, kabla hajakimaliza, alisikia kalamu.

Kaka mkubwa alikuja kwenye matanga, wakakaa kwenye makochi kugawana vilivyobaki, pazia la duka likiwa wazi ili Kitinda asikie kutoka kwenye kiti. Nyumba ikawa ya kaka mkubwa, naye akasema hatakaa humo hata kwa dawa, wakae wao. Kamera na lile pazia la bluu akachukua pia yeye, akavifunga kwenye boksi, nasikia mpaka leo hajalifungua. Shangazi akapata kitanda cha kaka yake, redio, na saa ya ukutani. Fundi baiskeli hakuwa wa damu, lakini alirudishiwa pete yake ya uchumba, na kile kiti cha baiskeli kilichofungwa karatasi akakataa kukichukua. Kipo mpaka leo mlangoni. Kabati la picha hakuna aliyelitaka.

Kitinda akarithi kiti cha dukani na kipanya. Akarithi zamu yake, na zamu ya babake, na Shangazi alipoanza kutetemeka mikono akarithi na zamu za Shangazi. Na akarithi sauti. Maana kitunguu kilishakwisha siku nyingi, chafya nayo imekwisha, sasa ni kama kupepesa jicho, na kila mkono wake unapolegea hata kidogo, spika pembeni inamwambia kwa sauti ile ile ya mpole asiye na ugomvi na mtu, sauti iliyomchekesha tangu akiwa mdogo:

"Umechoka, mwanangu. Inua mkono. Umebaki kidogo tu, nikumalize."